Televisheni ya Korea na magonjwa ya moyo: kutoka usiku wa 1983 hadi "It's Okay, That's Love"

Vijana wetu wengi wanaijua Korea ya Kusini kwa vitu viwili: simu na serie za mapenzi. Serie hizo zinapita kutoka simu hadi simu kwa kadi memori, nyingine zikiwa na sauti ya Kifaransa, nyingine na maandishi chini ya picha. Wazee wakizitazama dakika tano wanauliza: hawa watu wanalia nini kila siku?

Swali hilo ni zuri kuliko linavyoonekana, maana kilio hicho kina historia. Katika makala haya nitafuata njia ya televisheni ya Korea ya Kusini kwa miaka karibu arobaini, nione ilivyofika kwenye serie moja ya mwaka 2014 iitwayo "It's Okay, That's Love". Ni hadithi ya mapenzi kati ya daktari wa magonjwa ya akili na mwandishi wa vitabu ambaye ni mgonjwa bila kujua. Nimeichagua kwa sababu inagusa jambo ambalo katika familia nyingi, kule na huku, linasemwa kwa kunong'ona tu: mtu wetu ameanza kuona vitu ambavyo sisi hatuvioni, tumfanye nini?

Usiku wa tarehe 30 Juni 1983

Rasi ya Korea iligawanywa mwaka 1945, baada ya miaka 35 ya utawala wa Japani. Vita vikaanza tarehe 25 Juni 1950, vikasimama tarehe 27 Julai 1953 kwa mkataba wa kusitisha mapigano. Mkataba wa amani haujatiwa saini mpaka leo. Katika miaka ile mitatu watu walikimbia kusini, wakarudi kaskazini, wakakimbia tena. Mama alishika mtoto mmoja mkono, mwingine akapotelea katika umati kwenye stesheni ya treni. Wengi waliopotezana hivyo waliishia upande mmoja wa mpaka, katika nchi moja, bila kujua kwamba ndugu yao yuko mji wa pili.

Miaka 30 baadaye, shirika la utangazaji la taifa, KBS, lilipanga kipindi maalum cha dakika 95 cha kusaidia watu kutafutana. Kilianza usiku wa tarehe 30 Juni 1983. Watu walikuja studio na mabango kifuani: jina, kijiji, jina la baba, alama ya jeraha mwilini, mahali walipoachana. Simu zilipiga bila kukoma, na kipindi hakikuweza kufungwa. Kiliendelea siku 138, hadi tarehe 14 Novemba, na jumla ya matangazo ya moja kwa moja ikawa saa 453 na dakika 45. Watu zaidi ya laki moja waliomba kutafutiwa jamaa, na familia 10,189 zilikutana. Mwaka 2015 UNESCO iliandikisha kumbukumbu za kipindi hicho katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Picha zilizobaki zinaonyesha watu wazima, wanaume wenye mvi, wakianguka chini studioni. Wengine wanatazamana kwenye skrini kutoka miji miwili, kila mmoja akimuuliza mwenzake maswali madogo: nyumbani kulikuwa na mti gani mbele ya mlango? Mbwa alikuwa wa rangi gani? Jibu likilingana, ndipo kilio kinapasuka.

Wakati ule nchi ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi wa Chun Doo-hwan, na mambo mengi hayakuruhusiwa kusemwa. Lakini kilio cha vita kiliruhusiwa, na kikaonekana katika kila nyumba yenye televisheni. Wakorea walizoea tangu hapo kwamba chombo hicho ni mahali ambapo jeraha la familia linaweza kuwekwa wazi, na majirani wakalia pamoja.

Miaka ya leukemia na ajali

Serie za mapenzi zilizoipeleka Korea nje ya mipaka zilichukua kilio hicho na kukipa sura nyingine. Mwaka 2000 KBS ilionyesha "Autumn in My Heart" ya mwongozaji Yoon Seok-ho. Wasichana wawili wamebadilishwa hospitalini siku ya kuzaliwa, ukweli unatoka baadaye, na msichana aliyekuwa kipenzi cha nyumba anajikuta katika familia maskini. Mwishoni anakufa kwa leukemia, kansa ya damu. Mwongozaji huyo huyo akafanya "Winter Sonata" mwaka 2002, serie iliyowavutia sana Wajapani ilipoonyeshwa na NHK mwaka uliofuata. Kisiwa kidogo cha Namiseom, walikopiga baadhi ya picha, kikawa mahali pa kutembelewa na watalii. Mwisho wa mwaka 2003 ikaja "Stairway to Heaven" ya SBS, na humo msichana anapata kansa ya macho.

Angalia magonjwa ya miaka ile: kansa, ajali ya gari, upofu, kupoteza kumbukumbu. Ni magonjwa yasiyo na aibu. Anayekufa kwa leukemia anaonewa huruma na kila mtu, hakuna jirani anayeuliza ukoo wake una nini.

Katika "Winter Sonata" yumo pia daktari wa akili, lakini kazi aliyopewa inashangaza. Kijana anapata ajali na kupoteza kumbukumbu, na mama yake anamtafutia daktari ampandikizie kumbukumbu nyingine badala ya zile za maisha yake ya kwanza, ili asahau kwamba alikua bila baba. Mwaka 2002, basi, daktari wa akili katika hadithi ya mapenzi alikuwa mtu wa kufunika. Miaka 12 baadaye ataitwa kufunua.

Ugonjwa unaotafutiwa jina

Korea ina neno la zamani, hwabyung. "Hwa" ni moto na "byung" ni ugonjwa. Ni hali ya mtu aliyemeza hasira na uonevu kwa miaka mingi: kifua kinabana, joto linapanda usoni, kuna kitu kama donge tumboni au kooni. Mara nyingi ilisemwa juu ya wanawake wa makamo, waliovumilia mume na mama mkwe bila kujibu neno. Kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani, katika toleo lake la 1994, kiliitaja kwa jina hilo hilo la Kikorea. Mama zetu wanaosema "moyo unaniwaka" wangeelewana vizuri na mama hao.

Hwabyung mtu angeweza kulikiri. Skizofrenia, ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti au aone watu wasiokuwepo, ilikuwa jambo lingine. Jina lake la zamani kwa Kikorea lilikuwa na maana ya ugonjwa wa akili iliyopasuka. Mwenye jina hilo hakupata mchumba, na ndugu zake nao walipata shida. Hata wenye huzuni nzito waliogopa kwenda hospitali, kwa sababu magonjwa ya akili huandikwa kwa kodi inayoanza na herufi F, na watu waliamini herufi hiyo kwenye karatasi ingewanyima kazi au bima.

Mwaka 2011 jina likabadilishwa rasmi kuwa johyeonbyeong. Neno hili linatokana na kazi ya kukaza nyuzi za chombo cha muziki mpaka zitoe sauti sawa. Maana yake ni kwamba akili ya mgonjwa ni kama chombo ambacho nyuzi zake zimelegea au zimekazwa kupita kiasi, na chombo cha namna hiyo hurekebishwa, hakitupwi. Jina jipya halikuondoa aibu kwa siku moja. Lakini mwandishi wa hadithi aliyetaka kuleta ugonjwa huu sebuleni kwa watu alikuwa na mlango wa kuingilia.

Wakati huo huo neno la Kiingereza "healing", yaani uponyaji, lilikuwa limeingia katika Kikorea cha kila siku: vitabu vya uponyaji, safari za uponyaji, hata kipindi cha mazungumzo cha SBS kilichoanza mwaka 2011 kikiwa na neno hilo katika jina lake. Nchi ilikuwa imetajirika haraka mno, ikapigwa na mporomoko wa fedha wa mwaka 1997, ikainuka tena, na watu walikuwa wamechoka. Katika nchi tajiri za shirika la OECD, Korea ndiyo iliyokuwa ikitajwa karibu kila mwaka kuwa na vifo vingi zaidi vya watu kujiua.

Halafu tarehe 16 Aprili 2014 meli ya Sewol ikazama. Watu 304 walikufa, wengi wao wanafunzi wa shule moja ya sekondari ya mji wa Ansan. Televisheni zilisimamisha vipindi vya burudani kwa majuma. Sisemi kwamba serie ninayoizungumzia iliandikwa kwa ajili ya msiba huo. Nasema tu kwamba ilipoanza kuonyeshwa tarehe 23 Julai, nchi ilikuwa bado katika matanga.

Mtangazaji wa usiku

"It's Okay, That's Love" ilionyeshwa na SBS kwa vipande 16, hadi tarehe 11 Septemba 2014. Iliandikwa na Noh Hee-kyung, mama aliyezaliwa mwaka 1966 na anayejulikana kwa hadithi za watu wa kawaida na maumivu yao, ikaongozwa na Kim Kyu-tae.

Mwanaume mkuu ni Jang Jae-yeol, aliyeigizwa na Jo In-sung. Ni tajiri, ni mzuri, anaandika riwaya za siri na mauaji zinazouzwa sana. Jambo linalonigusa mimi kama mtu wa redio ni kwamba yeye pia ni mtangazaji wa kipindi cha usiku. Ana sauti tulivu, anawafariji wasikilizaji wasiolala, na hakuna anayejua kwamba yeye mwenyewe hawezi kulala popote isipokuwa bafuni. Alipokuwa mtoto, baba wa kambo alimpiga, na chooni ndiko alikojificha.

Mwanamke ni Ji Hae-soo, aliyeigizwa na Gong Hyo-jin. Ni daktari wa akili hospitalini, hodari na mwenye ulimi mkali, lakini hawezi kuguswa na mwanaume bila kuingiwa na hofu. Akiwa msichana aliona mama yake na mwanaume ambaye si baba, na picha ile haijamtoka. Anaishi nyumba moja na daktari mwenzake mkubwa kwa umri, na kijana Soo-kwang mwenye ugonjwa wa Tourette, ambaye mwili wake hushtuka na kutoa sauti bila yeye kutaka. Mwandishi anahamia nyumba hiyo. Katika vipande vya kwanza mtazamaji anacheka: wanagombana, wanataniana, wanaanza kupendana.

Yupo pia Kang-woo, mwanafunzi anayempenda mwandishi huyu na kumfuata kila mahali akitaka asomewe hadithi zake. Anapigwa nyumbani, anakimbia miguu mitupu. Jae-yeol anamlinda kama mdogo wake. Mwisho wa kipande cha nne wawili hao wanakimbia barabarani wakicheka, kisha kamera inaonyesha barabara ile ile tena: Jae-yeol yuko peke yake. Kang-woo hayupo, na hajawahi kuwepo.

Hapo serie inageuka. Mtu ambaye watazamaji walikwisha kumpenda, aliyekuwa akiwachekesha juma zima, ana skizofrenia. Kama Noh Hee-kyung angetangaza ugonjwa katika dakika ya kwanza, wengi wangemwogopa Jae-yeol au kumhurumia kwa mbali. Yeye aliacha wampende kwanza. Nadhani hilo lilifanya kazi ambayo matangazo mengi ya afya hayaifanyi.

Mapenzi yalifanya nini, na dawa ilifanya nini

Sasa nafika kwenye jambo ambalo nataka vijana wanaopenda serie hizi walishike. Kuna mafundisho mabaya katika hadithi nyingi za mapenzi: kwamba msichana akipenda vya kutosha, mwanaume aliyevunjika atapona. Wangapi wamebaki katika nyumba zenye hatari kwa kuamini hivyo?

Hae-soo ni daktari, naye anampenda mgonjwa. Lakini serie haimwachii amtibu. Daktari mwenzake mkubwa ndiye anayechukua kazi hiyo, kwa sababu mpenzi hawezi kuwa mpimaji. Jae-yeol analazwa. Anapewa dawa, na dawa hazionyeshwi kama muujiza: zinampunguzia nguvu, mikono inatetemeka, kuandika kunakuwa taabu. Anataka kuziacha, na akiziacha Kang-woo anarudi. Mama yake analazimika kukubali jambo ambalo mama yeyote angelikataa. Hata ukweli wa usiku ule wa zamani, wakati baba wa kambo alipokufa na kaka mkubwa akafungwa, unafunguliwa tena, maana mzigo huo ndio uliomzaa Kang-woo.

Hae-soo anafanya kazi nyingine, ngumu kwa namna yake. Anamsaidia kuangalia. Jae-yeol mwenyewe, kwa kutazama, anagundua kwamba miaka inapita na Kang-woo hakui, na kwamba miguu mitupu ya mtoto yule ni miguu yake mwenyewe ya utotoni, alipokuwa akikimbia kipigo. Basi anamwosha Kang-woo miguu, anampa viatu, anamwaga. Ni tendo dogo sana, la kutumia maji na jozi ya viatu, na kwa maoni yangu halisahauliki.

Baadaye Hae-soo anaondoka kwa safari ndefu aliyokuwa akiiota siku nyingi, na Jae-yeol anaendelea na matibabu. Wanaoana aliporudi. Linganisha na "Autumn in My Heart": mwaka 2000 mpenzi aliingia hospitali ili afe, mwaka 2014 aliingia ili atibiwe na kurudi nyumbani. Hayo ndiyo mabadiliko makubwa katika historia ya serie hizi, na yalichukua miaka 14.

Baada ya 2014

Njia iliyofunguliwa ilifuatwa na wengine. Nje ya studio, tarehe 29 Septemba 2016, Mahakama ya Katiba ya Korea ilisema kwamba sheria iliyoruhusu mtu kufungiwa hospitali ya akili kwa kibali cha jamaa wawili na daktari mmoja tu inapingana na katiba. Sheria mpya ikaanza kazi tarehe 30 Mei 2017. Kumbuka hatari ya ile ya zamani: jamaa wanaogombania urithi wangeweza kumfungia ndugu yao mzima.

Mwaka 2020, dunia ikiwa imefungwa kwa Covid-19, televisheni ya tvN ilionyesha "It's Okay to Not Be Okay", iliyoandikwa na Jo Yong. Humo Kim Soo-hyun ni mhudumu wa hospitali ya akili, anayemtunza kaka yake mkubwa mwenye usonji, na Seo Yea-ji ni mwandishi wa hadithi za watoto aliyekuzwa na mama katili. Kaka huyo aliona mama yao akiuawa, na tangu siku ile anaogopa vipepeo. Oh Jung-se, aliyemwigiza, alipata tuzo ya Baeksang mwaka 2021. Kupitia Netflix serie hiyo ilifika nchi nyingi kuliko ile ya 2014, na mwaka uliofuata ikashindania tuzo ya kimataifa ya Emmy.

Noh Hee-kyung naye alirudi mwaka 2022 na "Our Blues", hadithi za watu wa kisiwa cha Jeju. Yumo mama mwenye huzuni nzito aliyetenganishwa na mtoto wake. Yumo pia Jung Eun-hye, mchoraji mwenye trisomia 21 katika maisha yake halisi, aliyeigiza pacha mwenye hali hiyo hiyo. Zamani mchezaji mzima angepewa nafasi ya kujifanya mgonjwa.

Tusidanganyike kwamba Korea imemaliza tatizo. Takwimu za kujiua bado zinawatia hofu, na wengi bado wanajificha. Serie haitibu mtu. Inachoweza kufanya ni kumpa mtu maneno ya kuanzia mazungumzo nyumbani: "Uliona yule Jae-yeol? Naona ndugu yetu anafanana naye."

Na sisi?

Hapa Kivu tunajua habari ya kupotezana. Redio zetu husoma majina ya watoto waliookotwa njiani wakati wa kukimbia, na Msalaba Mwekundu hubeba barua za familia kutoka mkoa hadi mkoa. Kilio cha Wakorea cha 1983 tunakielewa bila mkalimani.

Lakini mtu wetu akianza kusikia sauti, wengi tunampeleka kwanza chumba cha maombi, wengine kwa mganga wa kienyeji, na majirani wanaanza kutafuta nani kamloga. Kuna wanaofungwa kamba. Hospitali inakuja mwisho, wakati pesa zimekwisha na mgonjwa amechoka. Sisemi watu waache kuomba. Anayeomba anaweza kuomba akiwa na mgonjwa wake kwenye benchi la kituo cha afya, na Bukavu tunacho kituo cha SOSAME kwa kazi hiyo hiyo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, binti yako akikaa na simu saa tatu usiku akilia kwa ajili ya Mkorea, usimnyang'anye haraka. Kaa naye kipande kimoja. Muulize yule mwanaume anaumwa nini, nani anamtibu, na yule dada anayempenda anafanya nini wakati dawa inafanya kazi yake. Kisha muulize kama kuna mtu katika ukoo wenu ambaye jina lake halitajwi mezani.